Mjomba, tuletee Discovery: jibu langu kwa wapwa wa Lindi

Dada, shikamoo. Wapwa zangu, habari za huko. Ujumbe wenu nimeusoma wote. Mnachosema ni hiki: mjomba umestaafu, pensheni ya pauni unayo, basi nunua Land Rover Discovery ya dizeli, itembelee mwaka mmoja au miwili, kisha itie melini ije nyumbani. Na mnashangaa kwa nini mimi mwenyewe naendesha gari la mwaka 2016. Halafu yule wa Mitwero ameongeza lake: kapata Mazda CX-5 ya dizeli kwa dalali, achukue au aache? Nitawajibu bila kuficha kitu. Mjomba akiwaficha, nani mwingine atawaambia?

Tuanze na hizo pauni. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 pensheni kamili ya serikali hapa Uingereza ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na anayeipata kamili ni aliyechangia miaka 35. Mimi nilifika hapa nikiwa mtu mzima tayari, miaka yangu ya kuendesha basi haikufika huko, kwa hiyo yangu ni pungufu. Humo inatoka kodi ya halmashauri, gesi ya kupasha nyumba joto, umeme, bima ya gari na chakula. Kinachokuja Lindi kinatoka humo humo. Msizidishe pauni yangu kwa shilingi mkadhani ni utajiri. Naipata hapa na naitumia hapa, kwa bei za hapa. Tena nikirudi kuishi nyumbani moja kwa moja, pensheni hiyo itaganda pale ilipo, haitapandishwa kila mwaka kama ya walioko hapa, kwa sababu Tanzania haina makubaliano hayo na Uingereza. Haya ni mambo ambayo watu wa ughaibuni hawayasemi wakija likizo.

Sasa gari. Nilipotaka kununua, kabla ya kuuliza gari gani nilijiuliza safari zangu ni zipi. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye ekzosi, mafundi wanaliita DPF. Masizi yanajaa humo, halafu gari lenyewe linayachoma. Ili liyachome, ekzosi lazima ipate joto kali kwa muda, maana yake barabara kuu, mwendo wa kutosha, robo saa au zaidi bila kusimama. Mstaafu anayetoka nyumbani kwenda dukani, hospitali na msikitini hawezi kulipatia gari nafasi hiyo. Uchomaji unaanza, yeye ameshafika, anazima. Kesho hivyo hivyo. Mafuta ya ziada yanayopulizwa ili kusaidia uchomaji yanateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na kwenye kijiti cha kuipimia inapanda badala ya kushuka. Mwisho taa inawaka kwenye dashibodi, gari halivuti, na chujio jipya ni mamia ya pauni, mengine hupita elfu moja.

Jirani yangu hapa Leicester ni mzee wa Kihindi aliyekuja kutoka Uganda mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, na Kiswahili bado anakisema. Alipostaafu alinunua dizeli kwa kusikia kwamba haili mafuta. Lakini hatoki nje ya mji. Gari lilishinda gereji mpaka akaliuza, akachukua haibridi, yaani gari la petroli lenye mota ya umeme pia, na sasa ametulia. Mstaafu wa safari fupi nitamwambia kitu kimoja tu, aachane na dizeli.

Mimi sababu ninayo. Binti yangu na wajukuu wako Glasgow, karibu kilomita 500 kutoka hapa, zaidi kidogo ya Lindi hadi Dar, na njia karibu yote ni barabara kuu. Kwa safari hizo dizeli inapumua na chujio linajisafisha lenyewe.

Lakini si dizeli yoyote inayoingia mijini. Katikati ya Glasgow, tangu Juni 2023, dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, hairuhusiwi, ukiingia ni faini. Birmingham, jirani na hapa, unalipa pauni 8 kwa siku, London pauni 12.50. Kiwango hicho kilikuwa lazima kwa magari yote mapya yaliyosajiliwa kuanzia Septemba 2015. Upande wa pili kuna kodi ya barabara. Gari lililosajiliwa kabla ya Aprili 2017 hulipiwa kwa kadiri ya hewa ya ukaa linayotoa, na dizeli inayobana mafuta hulipa kidogo sana. La baada ya hapo linalipa karibu pauni 200 kila mwaka. Ziweke tarehe hizo mbili pamoja na utaona pa kutafuta: mwishoni mwa 2015 hadi mwanzoni mwa 2017. Hiyo ndiyo sababu ya gari la 2016. Nilitafuta humo tu, na hakuna dalali aliyenitoa.

Kuhusu aina, niliiepuka injini ya BMW ya lita 2 inayoitwa N47, hasa ya miaka ya mwanzo. Mnyororo wake wa taimingi uko nyuma ya injini, upande wa gia boksi, na ukianza kulia kazi yake ni kubwa na ghali. Na sikilizeni hili, nyie mnaoapa kwa Toyota: Avensis ya dizeli ya kuanzia 2015 ina injini iliyotokana na hiyo hiyo ya BMW. Nembo ya mbele haitoshi, uliza kilichoko chini ya boneti. Nikabaki na mbili, Honda CR-V ya lita 1.6, iliyokuwa ikiundwa hapa hapa Swindon, na Škoda Octavia ya lita 2. Octavia ni ya ukoo wa Volkswagen, ila injini yake si ile ya kashfa ya 2015 ya kudanganya vipimo vya moshi, ni iliyokuja baada yake. Ndiyo niliyoichukua, gia za mkono, kwa pauni elfu sita na mia kadhaa.

Kuikagua ndiko kulikokula muda. Hapa gari likifikisha miaka 3 hupimwa kila mwaka, kipimo kinaitwa MOT, na matokeo yake yapo bure kwenye tovuti ya serikali. Unaandika namba ya gari, unaona kila mwaka lilisoma maili ngapi na lilifeli nini. Gari moja zuri la kupendeza lilionyesha maili pungufu kuliko za mwaka uliotangulia, yaani zimerudishwa. Muuzaji wake sikumpigia hata simu. Natamani sana na sisi tuwe na rekodi ya namna hii nyumbani, ingeokoa fedha za watu wengi.

Jingine nilikwenda kulitazama asubuhi, na nilikuwa nimemwomba mwenyewe asiliwashe kabla sijafika. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti, nikakuta lina moto. Dizeli yenye nozeli mbovu au plagi za joto zilizokufa hujificha injini ikishachemka. Ukweli wake unatoka inapowaka ikiwa ya baridi. Nikazunguka nyuma, nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi, kikatoka cheusi kama nimechovya kwenye wanja. DPF ikiwa nzima mdomo huo huwa safi. Ukipata masizi, ujue chujio limepasuka au limetobolewa, na hapa tangu 2014 gari lililong'olewa DPF halipiti kipimo. Nikaaga nikaondoka.

Hili nililonalo lilikuwa la baridi kabisa. Liliwaka mara moja, halikutoa moshi, ekzosi safi. Kilichonikata shauri hasa ni risiti: oili imebadilishwa kwa wakati, mkanda wa taimingi na pampu ya maji vimebadilishwa pamoja, na mwenyewe kazi yake ilikuwa ya kushinda barabara kuu. Maili zake zilikuwa nyingi na sikuziogopa. Kwenye dizeli ninaogopa zaidi gari la maili chache zilizotembelewa mjini tu.

Basi Discovery. Zile mnazozipenda, ya tatu na ya nne, zinakaa juu ya springi za hewa, na kwa baadhi ya kazi kubwa za injini mafundi wa huku hunyanyua bodi zima kulitenga na fremu. Nani atalinyanyua Lindi, na spea zitoke wapi? Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule Somanga, mliona wenyewe jinsi kusini tulivyofungiwa. Gari la kukaa nalo huko ni lile ambalo spea yake iko dukani Lindi au Mtwara siku hiyo hiyo. Ongezeni ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na nyongeza ya uchakavu gari likizidi miaka 8. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, kiingieni mjionee. Na dizeli ya huku ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki ni 50. Hizi injini za Ulaya zilitengenezewa mafuta ya huku. Kwa hiyo hapana, sitaleta Discovery, na Octavia yangu pia itabaki hapa.

Wewe wa Mitwero, CX-5 hiyo ni gari zuri, lakini injini yake ya dizeli ya lita 2.2 nayo ina DPF, na inajulikana kwa kujaza masizi kwenye njia za hewa ikitembea safari fupi. Wewe asubuhi unakwenda Lindi mjini, jioni unarudi. Safari hiyo ni kama ya jirani yangu. Chukua ya petroli, utalala usingizi.

Na wewe unayefuata ufuta na korosho Liwale na Nachingwea, dizeli inakufaa kweli, ila itafute ya zamani. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala DPF, na pampu yake haitegemei kompyuta, kwa hiyo fundi wa kawaida anaifungua. Bei yake ni kubwa, najua. Prado yenye injini ya 1KZ inapatikana kwa nafuu, lakini uliza kama iliwahi kuchemka, maana silinda hedi yake ikichemka hupasuka. Fungua tangi la maji injini ikiwa ya baridi, angalia kama kuna mafuta juu ya maji, kisha iwashwe mfuniko ukiwa wazi uone kama inatoa mapovu yasiyokwisha.

Mkilipata gari, dizeli au petroli, nendeni alfajiri kabla halijawashwa, mkiwa na fundi ambaye hamjuani na dalali. Nipigieni video linavyowaka na moshi wake. Nipigieni picha ya kijiti cha oili. Kama bado mnaing'ang'ania ile CX-5, kijiti chake kina alama ya X juu ya alama ya F. Oili ikikaribia hiyo X, dizeli imeshaingia kwenye oili. Picha zije kwangu kwanza, hata kama ni usiku wa huku nitaamka nizitazame, na msitoe kishika uchumba mpaka niwe nimewajibu.