Paladini akidanganya, apokonywe nguvu?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, uitwao Dungeons & Dragons kwa kitabu cha 2014, kila Jumamosi baada ya isha hapa Kisauni, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Kijana wetu anayecheza paladini wa daraja la 5 aliwadanganya walinzi wa lango ili wenzake wapite. Kwa kuwa paladini ni askari wa haki, nilimpokonya nguvu zote papo hapo. Amesusa, wiki ya pili sasa haji. Kusema kweli nilikuwa pia nimechoshwa naye, maana kila adui mkubwa ninayemleta anamwangusha kwa zamu mbili. Tena mwenzake anayecheza kuhani anasema hawezi kutamka kwamba anamwomba mungu fulani wa mchezo, imani yake haimruhusu. Nifanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Mrudishie nguvu zake, na umpelekee habari hiyo kabla ya Jumamosi, asiisikie mezani mbele za watu.

Katika kitabu mnachotumia hakuna kanuni inayosema paladini akisema uongo nguvu humtoka. Kilichopo ni kiapo, ambacho mchezaji hukichagua afikapo daraja la 3, na viapo havifanani. Kiapo cha Uchaji kinakataza uongo na hila waziwazi. Kiapo cha Kisasi kinamtaka apambane na uovu ulio mkubwa zaidi, kwa njia yoyote itakayofaa, na mtu wa kiapo hicho akimdanganya mlinzi wa lango ili amfikie muuaji, hajavunja kitu. Kiapo cha Wahenga kinahimiza rehema, tumaini na kuilinda nuru, wala uongo hakiutaji. Hukuniambia kijana wako aliapa kipi, na hukumu yote imelala hapo.

Hata kama alikuwa wa Uchaji, kitabu kinaanza na toba. Aliyeteleza humwendea kuhani wa imani yake au paladini mwenzake wa kiapo kile kile, akakesha usiku kucha akiomba, au akafunga, kisha husamehewa na kuanza upya. Anayepoteza njia ni yule anayevunja kwa makusudi na hajuti, na hata huyo mwendesha mchezo anaachiwa aamue. Fikiria ulichokikosa: usiku mzima wa mkesha, kuhani mzee anamuuliza maswali, na wale walinzi waliodanganywa pengine wamefukuzwa kazi na wana watoto. Hicho ni kikao kizuri cha mchezo, nawe ulikifunga kwa sentensi moja.

Ukali uliokuwa nao una asili yake. Paladini aliingia mchezoni 1975, mwaka mmoja baada ya mchezo wenyewe kutoka, na kanuni za 1978 zilikuwa kali kwelikweli. Alilazimika kuwa binadamu, asimiliki vitu vya kichawi zaidi ya kumi, na atoe sehemu ya kumi ya mapato yake. Akitenda ovu kwa kujua na kukusudia, cheo kimekwenda wala hakirudi. Lakini tazama upande wa pili: haiba yake ilitakiwa isipungue 17, na ukirusha dadu tatu za kawaida, nafasi ya kupata 17 au 18 ni moja katika 54. Mhusika alikuwa adimu, ana nguvu kuliko askari wa kawaida, na ile kamba shingoni ndiyo ilikuwa bei yake. Toleo lenu limeondoa ugumu wa kumpata na likapunguza tofauti ya nguvu. Ukiibakiza kamba peke yake, unamtoza mchezaji bei ya kitu ambacho hakupewa.

Kwa hiyo kaeni wawili, wewe na yeye, mwandike kiapo chake upya kwa maneno ya vitendo. “Nitakuwa mwema” haipimiki, na siku ya ugomvi kila mmoja atakuwa na maana yake. “Sitamuua aliyetupa silaha” inapimika. “Nikila chakula cha mtu, sitamdhuru usiku huo” inapimika, tena inazaa visa vyenyewe. Mistari mitatu au minne yatosha. Halafu mkubaliane jambo moja ambalo mimi silisamehe mezani kwangu: mchezaji akitangaza tendo litakalovunja kiapo, mwendesha mchezo humwambia kabla ya dadu kurushwa, “Hili linavunja mstari wa pili, unaendelea?” Mhusika anaijua nadhiri yake kuliko mchezaji aliyetoka kazini amechoka. Akisema naendelea, basi ameanguka kwa hiari yake, na hatasusa.

Sasa hilo la adui kuangushwa kwa zamu mbili, yaani pigo takatifu, nguvu ambayo paladini huiongeza kwenye pigo la upanga, naona ndilo lililokukera zaidi. Tuhesabu. Daraja la 5 ana nafasi sita za karama kwa siku, yaani mara sita za kutumia nguvu zake za kimiujiza: nne za ngazi ya kwanza, mbili za ngazi ya pili. Anapiga upanga mara mbili kwa zamu. Kila pigo likifika anaweza kutumia nafasi moja, na kwa kitabu cha 2014 hakuna kinachomzuia kufanya hivyo mara zote mbili. Nafasi ya ngazi ya pili inaongeza dadu tatu za pande nane, ya kwanza dadu mbili. Mapigo mawili ya ngazi ya pili ni dadu sita, wastani wake 27, bila kuhesabu upanga wenyewe. Dadu ya pande 20 ya kulenga ikiangukia 20, dadu za pigo hilo huzidishwa mara mbili, naye anaamua baada ya kuona imeanguka. Adui akiwa shetani au mfu aliyefufuka, kila pigo linapata dadu moja zaidi. Jitu lako lilikuwa halina pa kukimbilia.

Usimpunguzie dadu. Jiulize siku yenu ya mchezo ina mapambano mangapi. Nikisoma barua yako nahisi ni moja. Zile nafasi sita zimepangwa ziishie njiani, maana hazirudi mpaka apumzike kwa muda wa saa nane, na hawezi kufaidi mapumziko hayo zaidi ya mara moja katika saa 24. Ukimpa adui mmoja tu, atazimwaga zote juu yake, na ana haki. Mpe siku ya kuzingirwa. Nenda Ngomeni, pale Fort Jesus, simama juu ya ukuta uangalie bahari, ukumbuke kwamba kuanzia 1696 hadi 1698 watu walizingirwa mle ndani. Weka wachezaji ndani ya ngome ya kubuni ya namna hiyo: alfajiri ngazi zinaegemezwa ukutani, adhuhuri ghala linawaka moto, magharibi kuna majeruhi wanaomngoja awaguse. Kwa daraja lake ana pointi 25 za kuponya kwa mkono, na pointi tano zinatosha kuondoa ugonjwa au sumu moja. Hapo ataanza kuhesabu mwenyewe. Ikiwa bado inakusumbua, chukueni kanuni ya 2024, ambapo pigo takatifu limekuwa karama inayotumia tendo la ziada, hivyo ni moja tu kwa zamu. Lakini mwulize yeye kwanza.

Kuhusu kuhani, kijana wako anastahili kusikilizwa bila kubishiwa. Kanuni hazimlazimishi mtu kutamka dua yoyote mezani. Zinataka achague karama, atumie nafasi, arushe dadu. Aseme “mhusika wangu anainua taa yake na jeraha linafunga”, yatosha kabisa. Kitabu cha mwendesha mchezo kinaruhusu pia kuhani anayeegemea wazo au nguvu isiyo mungu, kwa mfano haki au uhai, na kwa paladini kitabu cha wachezaji chenyewe kinasema nguvu zake zinatokana na kushikamana kwake na haki kama zinavyotokana na mungu. Mimi siingizi mezani aya, dua wala jina takatifu la dini ya mtu yeyote, iwe ya Waislamu, Wakristo au Wahindu, wala sitengenezi mungu wa mchezo anayefanana nao. Hapa Mombasa meza moja inaweza kuwa na wote hao, na mzazi huwa sebuleni anasikiliza. Mwambie mzazi huyo mapema mnachokicheza, umwonyeshe na karatasi ya kiapo.