Kompyuta Inawaka na Kuzima? Hesabu Sekunde Kwanza

Juzi dada mmoja mwenye steshenari kule Kahama alinitumia ujumbe: "Kaka, kompyuta ya dukani nikibonyeza inawaka, inazima. Fundi anasema madabodi imekufa, anataka laki na themanini. Nimpe?" Nikamjibu palepale: usimpe hata shilingi. Washa tena, hesabu inakaa sekunde ngapi kabla ya kuzima, halafu unipigie.

Madabodi ni ile bodi kuu ya ndani inayounganisha vyote. Hiyo "madabodi imekufa" nimeshawahi kuilipia, ndiyo maana damu ilinichemka.

Duka langu liko Mbagala. Mwenye kazi hii anaujua msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Vijana wamejaa mpaka barazani, huyu anataka kuskani cheti cha kuzaliwa, yule fomu yake haina mhuri, mwingine kasahau neno la siri na anakutazama kama wewe ndiye uliyelificha. Hapo ndipo kompyuta yangu kubwa ilipoanza vituko. Nabonyeza, taa inawaka, feni zinanguruma, kisha kimya. Nabonyeza tena, vilevile. Vijana wakaanza kuhamia duka la jirani mmoja mmoja, na bahasha zao mkononi, mimi nawaona.

Nikamwita fundi wangu. Nasema wangu kwa sababu ndiye aliyenifungia printa, na wateja wengine nilimpelekea mimi mwenyewe. Akafungua kifuniko, akachungulia, hakutoa kipimo chochote, akatamka: madabodi. Akaondoka na mashine, akairudisha na madabodi ya mtumba, ikafanya kazi mpaka jioni. Asubuhi yake inawaka, inazima. Nikampigia, simu inaita tu. Siku hizi tukionana njiani anavuka barabara. Na ile madabodi yangu ya mwanzo hakuirudisha, wala sijui alimfungia nani. Hela nimeshasamehe, hilo la pili bado.

Usiku ule nilifunga duka nikakaa na mashine sakafuni. Nilipoiwasha mara kadhaa nikaona kitu ambacho fundi angekiona kama angesubiri kidogo: ilikuwa inazima baada ya muda uleule kila mara, kama sekunde nne hivi. Sasa kompyuta ya mezani imetengenezwa hivi: ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne, inajizima kwa nguvu. Kitufe kikinasa ndani, mashine inaamini kidole chako bado kipo. Nikachomoa zile waya mbili nyembamba zinazotoka kwenye kitufe kwenda kwenye madabodi, nikagusanisha zile pini mbili za madabodi zilipokuwa zimechomekwa kwa ncha ya bisibisi, mguso mmoja tu, nikaondoa. Ikawaka. Ikaendelea kuwaka! Kitufe kilikuwa kimeganda kwa soda iliyokauka na vumbi. Siku nyingine kinaachia, siku nyingine kinagoma. Ndiyo maana ile madabodi mpya ilionekana kama imeponya.

Sikununua kitu. Waya ya kitufe cha riseti, kile kidogo cha kuanzisha mashine upya, nikaichomeka mahali pa waya ya kuwashia, na mpaka leo mashine ile naiwasha kwa riseti. Kesho yake niliwahi kufungua kabla ya jirani.

Basi wewe unayeanza biashara hii, au unayo na unataka ikue, nisikilize. Fundi anayetaja ugonjwa kabla ya kushika kipimo mwonyeshe mlango, hata kama ni ndugu yako. Hupotezi fedha kwa sababu huna akili, unapoteza kwa sababu wateja wamesimama na wewe una haraka, naye anaijua haraka yako. Hesabu sekunde. Ni bure, na bisibisi haijaguswa bado.

Sekunde nne nimeshaeleza. Ikizima papo hapo, yaani feni inajitikisa tu na kusimama, mara nyingi kuna shoti mahali na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, inajikata ili isiungue. Chomoa waya ukutani kwanza. Halafu ondoa kila kinachoondoka: printa, flashi, diski, kadi za ziada. Bakiza prosesa (ubongo wa mashine) na feni yake na rami moja (kile kibao chembamba cha kumbukumbu). Ikiwaka na kutulia, rudisha kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila unaporudisha, mpaka umkamate mwenye kosa. Ikiendelea kuzima, angalia chini ya madabodi kama kuna skrubu iliyodondoka.

Ya dada wa Kahama ilikuwa ya aina hii. Nilimwuliza kitu kimoja: wateja wanachomeka flashi wapi? Mbele, akasema. Nikamwambia amulike tochi kwenye zile tundu. Kile kiulimi cha plastiki kilikuwa kimevunjika, na vichuma vyake vimelala vikagusana na bati la pembeni. Hapo umeme wa volti 5 unakwenda moja kwa moja kwenye bati, na mashine inajikata. Akachomoa waya ya USB za mbele kutoka kwenye madabodi, kompyuta ikawaka na kutulia. Alinitumia sauti ya kucheka tu, hakuna neno ndani yake. Steshenari zote tunachomeka flashi za watu kutwa nzima, kwa hiyo hapa ndipo pa kuanzia kabla hujasikia habari za madabodi.

Ikikaa sekunde kumi, ishirini, au dakika chache ndipo inazima, fikiria joto. Prosesa ikichemka kupita kiasi inaizima mashine yenyewe, na hiyo ni huruma yake kwako. Gusa kile kipoza joto kilicho juu ya prosesa: kikichezacheza, mguu mmoja umeachia. Vile vyenye miguu minne ya plastiki ndiyo tabia yao, hasa mashine ikisafirishwa kwa basi. Kama kimekaza, kifungue, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya mchele. Vumbi lipulize nje ya duka, siyo juu ya karatasi za watu, na ushikilie feni isizunguke ovyo.

Ikiwaka, ikazima, ikawaka yenyewe tena bila kuguswa, anza na rami. Zitoe, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, zirudishe mpaka usikie klik. Tazama pia ile plagi ndogo ya pini nne au nane iliyo karibu na prosesa, ikilegea kidogo tu mashine haiendi popote.

Ukimaliza hayo yote ndipo ushuku pawa saplai, na hapo unahitaji multimita, kile kipimo cha umeme. Ya bei ndogo inatosha. Waya ya zambarau ya pawa saplai isome volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Ikiwaka, ya njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Rangi hizi ni za pawa saplai za kawaida zenye plagi ya pini 24. Kompyuta nyingi za ofisini za HP, Dell na Lenovo za miaka ya karibuni zina plagi zao wenyewe, usizifananishe. Na kama mashine imetoka Marekani, tafuta swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 usithubutu kuichomeka kwetu, utasikia mlipuko na harufu.

Vipimo vya multimita vikiwa nje ya namba hizo, usiifungue pawa saplai. Kapasita za ndani zinashika umeme hata baada ya kuchomolewa, na zinarusha mtu. Nunua nyingine, na ukiwa dukani omba waichomeke na kuipima mbele yako. Muuzaji akianza kununa, hamia duka linalofuata. Kariakoo ni kubwa.