Alexa haimwelewi mume wangu

SWALI: Mume wangu ni kiziwi tangu utotoni. Anatamka kidogo, lakini zaidi tunatumia lugha ya alama. Shemeji ametuletea spika ya Alexa kutoka Dubai, ile ndogo isiyo na kioo inayotii amri za sauti, pamoja na balbu mbili. Mimi nikisema, taa inawaka. Yeye akiiita, kimya. Je, ni mbovu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni nzima. Mitambo ya kutambua usemi imefundishwa hasa kwa sauti za watu wanaosikia. Asiyejisikia anapotamka hudondosha baadhi ya konsonanti, na sauti hupanda na kushuka mahali ambapo mashine haitarajii. Wewe umemzoea, yenyewe bado. Isitoshe Alexa haijui Kiswahili, lazima Kiingereza, kwa hiyo mumeo anatahiniwa kwa lugha yake ya tatu, baada ya alama na Kiswahili! Asipaze sauti, kupiga kelele huzidi kuyavuruga matamshi.

Aache kuiita. Aweke programu ya Alexa kwenye simu yake na kuingia kwa akaunti ileile iliyosajili spika. Taa atazikuta kwenye orodha ya vifaa. Atagusa jina la balbu, basi. Zipeni majina mafupi, kama “Sebule” na “Jiko”, maana balbu mbili zenye majina yanayofanana zitawachanganya nyote.

Balbu ikigoma, anzeni na swichi ya ukutani. Mtoto akiizima, balbu inakosa umeme na kutoweka kwenye mtandao, na simu itaandika kwamba kifaa hakijibu. Swichi hiyo ibaki imewashwa muda wote. Kama balbu haikuunganika tangu mwanzo, tazameni ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani: nyingi ya balbu hizi hushika Wi-Fi ya GHz 2.4 tu, si ya 5.

Majibu ya spika hatayasikia, lakini ataisoma taa ya spika yenyewe. Buluu ni kwamba inasikiliza au inashughulikia amri, njano inayopwesa kuna ujumbe, kijani kuna simu inaingia, nyekundu maikrofoni imezimwa. Iwekeni usawa wa macho, si nyuma ya televisheni.

Mkija kununua nyingine, chukueni yenye kioo, Echo Show. Telezesha kidole toka juu ya kioo kwenda chini, ingia Settings, kisha Accessibility, uwashe Tap to Alexa. Kitatokea kitufe cha kugusa, na amri za kila siku ataziandika mara moja na kuzihifadhi. Hapohapo washa maandishi ya majibu. Kwa maoni yetu, kwa kiziwi ile isiyo na kioo ni nusu ya kifaa.

SWALI: Mama amekuwa mzito wa kusikia na hajui alama. Simu yake ni Android. Inaweza kumwandikia tunayosema, tena kwa Kiswahili? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Inaweza. Pakua Live Transcribe, programu ya bure ambayo Google ilitoa mwaka 2019 ikishirikiana na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichopo Washington. Kwenye mipangilio yake weka Kiswahili kuwa lugha ya kwanza, Kiingereza ya pili, na ukuze herufi. Washa data.

Inapokosea, mara nyingi kosa ni la mahali simu ilipo. Ikiwa mapajani kwa mama inanasa feni na redio kuliko msemaji. Ilaze mezani, nusu mita hivi kutoka kwa anayeongea, sehemu ya chini yenye maikrofoni ikimwelekea, na msiongee wawili kwa pamoja. Mkichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, kama tulivyozoea, itaandika vioja.

Majina ya watu na ya dawa huyakosea mno. Akiwa kwa daktari, dozi iandikwe kwa kalamu.