Utamu wa chapati unapimwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu cha uchumi, kidato cha tano, kinasema chapati ya kwanza inampa mlaji yutili 10 (yutili ni kizio cha kupimia kuridhika), ya pili 6. Namba hizo zilipimwa wapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hazikupimwa popote. Zimetungwa tu kuonyesha kwamba chapati inayofuata huridhisha kidogo kuliko iliyotangulia. Nami nilizikariri hivyo hivyo, nikafaulu bila kuuliza.

Lakini wapo waliotamani kipimo cha kweli. Mwaka 1881 mchumi Francis Edgeworth aliwaza chombo cha kurekodi raha ya mtu kila dakika, kama kipimajoto cha furaha! Kilibaki kichwani mwake. Baadaye Vilfredo Pareto, mchumi Mwitalia, akaona hakihitajiki: ukiacha maandazi matatu ukachukua chapati mbili na chai, inatosha kujua umependelea kipi. Umependelea kwa kiasi gani, si lazima. Mwaka 1934 wachumi Hicks na Allen wakaijenga nadharia ya mahitaji, yaani ya namna watu wanavyochagua kununua, juu ya mpangilio huo tu wa kipi kinapendelewa kuliko kipi.

Kwenye mtihani chora jedwali kama kitabu kinavyotaka. Mimi chapati ya tatu hunishinda, ila kwa yutili ngapi, usiniulize.