Nyama ya kosheri peke yake haitoshi, mkuu

Mkuu, umeuliza hivi: jirani yako Myahudi anakuja Jumapili, je, ukinunua nyama yenye nembo ya kosheri, yaani inayoruhusiwa na sheria za dini yao, ukaichoma kwenye jiko lako la uani, atakula? Hatakula. Labda kachumbari, na hata hiyo ina mambo yake.

Mimi nilimtunza bibi mmoja Myahudi hapa Brooklyn, New York, kwa miaka minne, na kupika nikampikia. Nimekulia Tanga, mishikaki naijua, nikadhani nikishaacha nguruwe na kamba nimemaliza. Wapi! Shughuli iko kwenye chuma. Wavu uliochomea nyama isiyo ya kosheri wao wanauhesabu kuwa umekunywa yale mafuta, na utayatapika kwenye nyama ya kesho. Sabuni na waya wa kusugulia haviondoi kitu. Kilichoingia kwa moto kinatoka kwa moto: wavu uchomwe mpaka uwe mwekundu, urushe cheche. Majiko mengi ya gesi hayafiki huko. La mkaa, wanaufukia wavu ndani ya makaa. Wengi wananunua mpya tu, yaishe, na huo mpya kabla ya kutumika wanauzamisha kwenye mikve, kidimbwi chao cha maji ya kutakasia.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mwanawe yule bibi alileta jiko jipya, limeshapita mikve, kuku wa kosheri. Mimi kwa kutaka sifa nikawahi kuwasha mkaa, nikabandika. Aliporudi akanyamaza. Kumbe chakula kilichopikwa na asiye Myahudi mwanzo mpaka mwisho hawali, hata kila kitu kiwe kosheri. Kwa Waashkenazi kama wao, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, inatosha Myahudi awashe moto. Wasefardi, wale wenye asili ya Hispania, wanataka hata kubandika abandike mwenyewe. Wale kuku nilikula mimi siku mbili, na wavu ukarudishwa motoni. Tangu hapo yeye anapiga kiberiti, mengine ananiachia.

Kwa hiyo Jumapili mwachie aje na nyama yake, koleo na kisu chake, na moto awashe yeye. Kama hana wavu, chakula kifungwe foili mara mbili kabla hakijagusa wa kwako. Muulize kwanza, maana kila nyumba ina rabi wake. Usiongeze chumvi ovyo: nyama ile imeshalowekwa nusu saa na kukaa kwenye chumvi saa nzima kutoa damu, kwa hiyo mkono wako wa nyama choma utaiharibu. Ini achana nalo. Linahitaji moto wa wazi ili damu idondoke, na wavu wake peke yake. Siagi kwenye mahindi, hapana, maana maziwa na nyama havikutani. Samaki nao wengi hawamchanganyi na nyama, kwa hiyo soma chupa za sosi, ile ya Worcestershire huwa na dagaa ndani.

Kachumbari: nyanya haina shida, ila kitunguu na pilipili ni vikali, vinanyonya kilichomo kwenye kisu chako. Akate kwa kisu chake.

Na mkimaliza kula usimtengee chai ya maziwa kwa ukarimu wa kwetu. Wengi wanasubiri masaa sita baada ya nyama. Mpe ya rangi, kwenye kikombe cha karatasi.