Re: Filamu ya kwanza, wahusika saba, bajeti ndogo
Ndugu, umeuliza kama wahusika wakuu saba ni wengi mno kwa filamu yako ya kwanza hapa Mwanza. Si wengi, ila wakutanishe sehemu moja. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba panatosha: mama wa dagaa, mbeba mizigo, dereva wa bajaji, wote wanagusana bila kulazimisha. Kila mmoja mpe kitu anachokitaka kwa mwenzake, la sivyo watakuwa wapita njia tu.

Kibali cha Bodi ya Filamu kipate kabla ya kurekodi.

Kitakachokutesa hasa ni sauti. Mchana upepo wa ziwa unapiga maiki mpaka maneno yanapotea. Mazungumzo marefu yarekodi asubuhi, na maiki ivishe kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Nakuombea sana uimalize, ndugu yangu.