Tangi moja halitoshi kuihukumu dawa ya mafuta

Umeuliza kama dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta uliyomimina kwenye tangi inafanya kazi, maana gari limetoka kilomita 12 kwa lita hadi 13. Kwa tangi moja huwezi kujua. Mimi mwenyewe nilishashangilia tangi moja, nikaja kuona aibu.

Langu ni la petroli. Nilikuwa napata 12.4, nikatia dawa, likanipa 13.3. Nilimtangazia kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Tangi lililofuata sikuweka kitu, nikapata 13.4! Ndipo nilipotafuta daftari.

Kumbe sikuwa najua ulaji wa gari langu unapanda na kushuka kiasi gani lenyewe, bila kutiliwa chochote. Nikapima matangi 6 yasiyo na dawa, njia ileile, dereva yuleyule. La chini 12.1, la juu 13.5. Yaani ile "faida" yangu yote ilikuwa ndani ya kupanda na kushuka kwa kawaida.

Tofauti hizo zinatoka wapi? Pampu moja ya kituo hujikata mapema wakati wa kujaza, nyingine huchelewa, na gari likiinama upande kidogo hewa hubaki tangini. Ukikosea lita 1 katika lita 30, tayari umekosea zaidi ya asilimia 3. Upepo wa matairi nao umo, na foleni. Lakini mkubwa wao ni mguu wako. Mtu akishatoa hela yake kununua dawa, anakanyaga mafuta kwa adabu bila hata kujijua. Tena dawa tunainunua lini? Wiki ambayo gari limekula kupita kiasi, wiki ambayo hata ukiliacha lingerudi lenyewe.

Kwa hiyo nilianza upya. Kituo kimoja, pampu moja, gari limeegeshwa palepale, pampu ikikatika mara ya kwanza naacha, siongezi hata tone. Naendesha hadi tangi linakaribia kuisha, kwa sababu lita zikiwa nyingi kosa la ujazaji linapungua uzito. Namba ya kwenye dashibodi sikuijali. Ile ni makadirio ya kompyuta ya gari. Mpangilio wa matangi ulikuwa bila dawa, lenye dawa, lenye dawa, bila dawa, kisha narudia, ili hali ya hewa ikibadilika iguse pande zote mbili. Na dawa alitia mdogo wangu, mimi nikiwa mbali, akaandika kwake lipi lina dawa na lipi halina. (Alifurahia siri hiyo kupita kiasi.) Mwishoni nikajumlisha kilomita zote za kila upande, nikagawa kwa lita zote.

Bila dawa 12.7. Na dawa 12.8. Kwa gari linaloyumba vile, hiyo ni sawasawa.

Haikunishangaza sana. Injini ya kisasa isiyo na hitilafu huchoma karibu petroli yote inayopewa. Nguvu nyingi hupotea kama joto kwenye rejeta na ekzosi, na chupa haiwezi kuzuia hilo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limewahi kupima vifaa na dawa zaidi ya 100 za aina hii, na zilizoleta nafuu yoyote zilikuwa chache mno.

Dawa za kusafisha nozo (vitundu vinavyopulizia mafuta ndani ya injini), hasa zenye kemikali ya kusafishia iitwayo polietheramini, ni habari nyingine. Hizo husafisha kweli, na kama nozo zako zimechafuka zinaweza kukurudishia ulichokuwa umepoteza. Ila kuzipima kwa kupokezana kama nilivyofanya utajidanganya: nozo ikishasafishwa haichafuki tena tangi linalofuata, kwa hiyo tangi la "bila" nalo linafaidi. Hapo pima matangi 5 au 6 kabla, na mengine kama hayo baada.

Wewe kwa sasa usinunue chupa ya pili. Jaza upepo wa matairi kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, halafu uendeshe matangi manne bila dawa ukiandika. Ukiona mojawapo limefika 13 lenyewe, jibu unalo.